Kifo Kilichotangazwa Nti Kavu

Bismillahi. Songeeni, wanangu, Fawaz na Huwaida, na mzime hilo feni, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kusemea, si ya kushindana na kelele. Nyumba hii ya Kizingitini ni yenu nyote watatu kama sharia inavyogawa, hapo sina la kuongeza. Langu ni Gharib, kaka yenu, aliyeko huko nje akizamia kamba koche, asiyejua kuwa mamake anakata roho.

Zamani mtu akifa hapa, redio ya AM ilimtangaza adhuhuri, na sauti ile ikitambaa juu ya maji hadi Kiwayu na kupita, mzamiaji akasikia jina la mtu wake, akang'oa nanga. Ilikwaruza kama mtu anayekaanga samaki, lakini ilifika. Kisha mtambo ukazimwa. Sikusomewa na mtu. Nilisoma mwenyewe, kwenye gazeti lililofungiwa viazi, baada ya kukaa darasa la gumbaru na uzee wangu huu, na neno refu la kwanza nililolimaliza bila kusaidiwa ni hilo: matangazo ya AM "yamesitishwa".

Tukaletewa FM. Tamu, safi, utadhani msomaji yumo kabatini. Lakini ikipita mwamba, imekwisha. Baba yenu Mselem alipofariki, FM ilimtaja jina na ukoo, nti kavu yote ikasikia. Gharib hakusikia. Alirudi siku ya khitma, akaingia na samaki mkononi, akaona watu na masinia, akauliza, "Mama, leo nani anaoa?" Nawe Fawaz ukamjibu mbele za watu, "Maiti hamngoji mvuvi." Kidonda cha kisu hupona, mwanangu, cha ulimi huchimba. Tangu hapo hamjasemezana.

Mwajua afanyalo akiwa hapa. Adhuhuri huketi na redio ya babake, sindano pale pale pa AM, mkwaruzo mtupu. Nikamwambia hapo hapana mtu. Akasema, "Mama, baba bado hajatangazwa." Nikaketi naye. Na wallahi, usicheke Fawaz, mle ndani ya mkwaruzo nilimsikia Mselem akikohoa, kile kikohozi chake cha kabla ya kusema neno. Hakulisema. Nimemngoja adhuhuri nyingi alimalize.

Huwaida, wewe wasema kesho redio zote zitakuwa ndani ya simu, na sauti ya mtu haitapotea tena. Ile sauti yangu waliyoirekodi watu wa redio kule Faza nikisoma tangazo la chanjo, nilijivunia, lakini waambie waifute. Sauti isiyo na mwenyewe haina pa kulala, na sitaki mtoto wangu yeyote aniketie kama mimi na Gharib tulivyomketia baba yenu.

Fawaz, utakwenda wewe. Si FM, si simu, si mtu wa kutumwa. Chukua mashua ya injini, pita mwamba, umwambie kwa kinywa chako, "Kaka, mama akwita." Nikifa kabla hamjarudi, Huwaida, msiniweke, nizikeni, dini haingoji.

Usinitazame hivyo, Fawaz. Najua huenda usiniwahi. Ukinikosa, utanikosa pamoja naye. Mtafika wawili kwenye kaburi lililokwisha kufukiwa, na Gharib hatakuwa tena peke yake aliyechelewa. Hiyo ndiyo mali niliyo nayo ya kuwagawia.

Radhi zangu mnazo. Mola awape... awape kusikizana. Huwaida, nishike hapa. Ndia ya mwamba ina maji sasa, itapitika.

Mbona bado umeketi, mwanangu. Nenda.