Nyaya Mbili za Ardhi

Sogeeni karibu, wanangu, na mmoja wenu azime hiyo feni, maana sauti niliyobaki nayo haina nguvu ya kushindana nayo. Fyuzi, chukua kiti ukae upande wa dirishani. Kasuku, wewe kaa hapa hapa kitandani, na usianze kulia kabla sijasema neno, kwa sababu ukilia wewe na mimi nitalia, na kilio kitanimalizia pumzi ambayo leo nina kazi nayo. Aliyowaambia daktari pale mlangoni nimeyasikia yote. Mtu aliyekaa maisha yake yote akisikiliza redio mbovu, masikio ndiyo yanayomfia mwisho. Basi tusidanganyane. Nataka kuwaambia mahali mtakaponizika, kwa sababu najua hilo ndilo mnalogombania huko uani mkidhani nimelala.

Sijakasirika. Nilioa mara mbili na mara mbili nilifiwa, na mtu wa namna hiyo hawezi kuwashangaa watoto wake wakivutana. Mama yako, Fyuzi, alituacha wewe ukiwa bado wa kubebwa mgongoni, na ndugu zake wakamlaza kwao, kule mlimani nyuma ya shule. Mama yako, Kasuku, aliingia nyumba hii akamkuta mtoto wa mwenzake analia, akambeba kabla hajaweka chini hata begi lake. Naye alipofika mwisho wake akalazwa kwa watu wake, ng'ambo ya mto. Sasa nakusikia wewe, Fyuzi, ukisema baba alale kwa mke wa ujana wake, ambaye amemngoja peke yake miaka yote hii. Nawe Kasuku unasema baba alale kwa yule aliyezeeka naye na kumpikia uji wa ugonjwa. Nyote mna haki, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ningekuwa na mtoto mmoja mpumbavu, kazi yangu leo ingekuwa nyepesi.

Kabla sijafika huko, acheni niseme habari ya amplifaya, na wewe Fyuzi usimtazame dada yako hivyo, kana kwamba homa imenipanda kichwani. Imenipanda, lakini si kwa hili.

Mnakumbuka daktari aliponikataza kwenda dukani kwangu kutengeneza redio za watu. Nilikaa hapa nikimsikia Kasuku akipiga gitaa chumbani kwake kwa kile kispika cha plastiki kinachokoroma kama mzee mwenye mafua, nikajisemea kwamba nitamwundia amplifaya ya vali, zile taa za kioo tulizozijua sisi kabla redio hazijawa ndogo za kutia mfukoni. Amplifaya ndogo, ya wati tano, ya kukaa chumbani na mtu mmoja. Fyuzi ulicheka hadi ukashika tumbo. "Wati tano, baba? Hata balbu ya choo inazidi hapo!" Nikakujibu kwamba balbu ya choo haijawahi kumliza mtu. Ukasema, "Hujaiona ikiungua mtu akiwa ndani." Mama zenu wote wawili wangecheka. Mlirithi kwao huo ulimi, mimi sikuwa nao.

Transfoma niliitoa kwenye ile redio kubwa ya mbao aliyokuwa akiisikiliza mama yako, Fyuzi, ambayo mchwa waliila nje wakaacha ndani nzima. Sanduku lilikuwa droo ya kabati la mama yako, Kasuku, na lile bati lililoshika kila kitu nililikata kutoka kwenye trei yake ya kuokea keki. Msidhani nilipanga kuwakutanisha marehemu. Fundi hutumia kilichopo. Nilikuwa nimefika pazuri, vali zimekaa kwenye soketi zake, spika imekazwa, ndipo mikono ikaanza kutetemeka, lehemu ikawa inadondoka pasipotakiwa, na pasi ya kulehemu ikaniunguza vidole kama mwanafunzi. Nikawaomba mnisaidie.

Mkaja, lakini si pamoja. Fyuzi Jumamosi, Kasuku Jumapili, na ikitokea Fyuzi umemkuta dada yako pale mezani pa kazi, basi ghafla unakumbuka kuna mteja anakungoja nyumbani kwake umeme umekatika. Nyumba ikawa kama zahanati yenye madaktari wawili wasiosalimiana, mgonjwa mmoja yuko mezani na mwingine yuko kitandani. Nililala hapa nikiwasikia, leo huyu, kesho yule, kila mmoja akifanya kazi safi.

Sasa, katika kazi hii kuna waya ambao sisi wazee tunauita ardhi, na Fyuzi unauita ethi kama vijana wenzako. Kila kitu kilichomo ndani ya amplifaya, vali, kapasita, tundu la kuchomekea gitaa, lazima kiwe na mahali pa kurudishia umeme wake, mahali pa kusema hapa ndipo chini. Mahali hapo huwa skrubu moja kwenye bati. Jumamosi ile Fyuzi ulizifunga nyaya za ardhi kwenye skrubu iliyo karibu na transfoma, ukazikaza, nami nikakusikia ukipiga mluzi. Jumapili Kasuku ukaona upande wa gitaa hauna skrubu ya ardhi, ukaweka yako, ukaikaza. Mngekuwa mnazungumza, mmoja angemwuliza mwenzake. Hamkuwa mnazungumza.

Tukawasha. Tukangoja vali zipate moto, na zilipoanza kuwa nyekundu kama kaa lililofunikwa majivu, hatukusikia gitaa, tulisikia mvumo, mzito, kama nyuki waliomo ndani ya ukuta. Kasuku ukapiga simu, nami nilisikia kila neno: "Njoo uone ulichokifanya, fundi wa majumba ya watu!" Na Fyuzi ukaja na vumbi la saruji bado kichwani, ukainama, ukauliza, "Nani kaweka hii?"

"Mimi."

"Nani alikutuma?"

"Ya kwako ndiyo inayovuma."

"Yangu haivumi, bibie. Toa yako uone."

"Toa yako wewe, uliyeanza."

Niliwaacha mkamaliza. Kisha nikawaambia mchomoe waya ukutani, na kwanza mtoe kwa rezista umeme uliobaki kwenye kapasita, maana ile hukaa na umeme hata baada ya kuchomolewa na inaua mtu aliyejiona salama. Mkono mmoja kazini, mwingine mfukoni. Mkatoa ya Kasuku, mkawasha: kimya. Mkairudisha, mkatoa ya Fyuzi: kimya vilevile. Mkatazamana. Nilikuwa nimeinua kichwa kwenye mto ili niwaone mkitazamana, kwa sababu nilikuwa sijaliona jambo hilo tangu tulipomzika mama yake Kasuku.

Hakuna aliyekosea, wanangu. Ardhi ya kila mmoja, ikiwa peke yake, ilikuwa njema. Zikiwa mbili, umeme unazunguka kati yake usijue utulie wapi, na kule kuzunguka ndiko kuvuma. Nikangoja nione nani ataondoa yake kwa hiari. Hakuna. Ndipo nikasema toboeni tundu jipya katikati ya bati, na nyaya zote zihamie pale. Kasuku ukashika bati lisicheze, Fyuzi ukatoboa, na tulipowasha, gitaa likasikika bila mvumo. Nitawaambia ukweli wa kifundi: katikati hapakuwa mahali bora. Upande wa gitaa pangekuwa bora kidogo, fundi yeyote angewaambia hivyo. Lakini kwenye tundu la katikati mlikuwapo nyote wawili.

Basi mmeshajua ninakoelekea. Naona Kasuku umeficha uso.

Msinipeleke mlimani, wala msinipeleke ng'ambo ya mto. Nizikeni hapa hapa mjini, kwenye makaburi ya manispaa nyuma ya kiwanda cha matofali. Najua palivyo. Hakuna kivuli, malori yanapita, na simjui hata mmoja kati ya waliolala pale, isipokuwa yule kinyozi aliyekuwa akiniharibu nywele. Mama zenu hawapo. Lieni sasa, sasa ruksa, maana hata mimi nililia nilipofika kwenye uamuzi huo, na nilimgeuzia mgongo yule muuguzi anayekuja kunichoma sindano, asione.

Sikilizeni kwa nini. Mkinilaza upande mmoja, mmoja wenu atakuwa mgeni kwenye kaburi la baba yake. Atakuja mwaka wa kwanza, atakaribishwa kwa heshima na watu wasio wake, ataonyeshwa pa kukaa, na mwaka wa pili atatuma salamu. Mwingine atazeeka akidhani ameshinda, na hatakuwa na wa kumwambia. Mimi nimewatengeneza nyinyi kwa muda mrefu kuliko redio yoyote. Sitakubali mfunguke kwa ajili ya mifupa yangu.

Wala msiniulize moyo ulitaka wapi. Ulitaka. Niliishi na wanawake wawili wema, na yupo mmoja ambaye ningependa kulala karibu naye. Hilo naondoka nalo. Msilitafute kwenye maneno yangu ya zamani, msiwaulize majirani, msipime picha ipi ilikaa karibu na kitanda. Nimelilinda vizuri, hamtalipata.

Na lipo lile lingine, ambalo hamlisemi ila ndilo linalowasha haya yote. Fyuzi, hukuwahi kumwita mama yako wa kambo "mama". Ulimwita "wewe", na mbele ya wageni ulimwita "yeye". Kasuku amelibeba hilo tangu utotoni. Sikiliza, Kasuku: nilitaka kumlazimisha, mama yako akanikataza. Alisema, "Mwache. Ana mama mmoja tu, tena kichwani tu, tusimnyang'anye na huyo." Usimdai kaka yako neno ambalo mama yako mwenyewe hakulidai. Na wewe Fyuzi, alipokuwa anaumwa, usiku... hapana, mchana ule ulipompeleka hospitali mgongoni kwa sababu gari lilikwama, aliniambia amelipwa. Sikukwambia kwa kuwa ulikuwa unatoka nje kila nikitaja jina lake. Leo huna pa kutokea.

Nipeni maji. Kidogo tu. Yatosha.

Nyumba kaeni nayo pamoja, au mpangishe pamoja, asiuze mmoja. Mita na koleo ni za Fyuzi. Redio za watu zilizobaki dukani zirudisheni kwa wenyewe, hata zisizopona, mtu apate kuona kwamba chake hakikuliwa. Amplifaya ni ya Kasuku, lakini vali zitachoka, na siku zikichoka, Kasuku, usimwite fundi mwingine. Mwite kaka yako. Na wewe Fyuzi uende, hata kama ni kumwacha mteja gizani.

Siku ya kunizika msiilete hiyo amplifaya. Sauti yake ni ya chumbani, pale uwanjani itapotea.

Sasa... ngojeni. Pumzi inakwenda mbali kabla ya kurudi. Mwenyezi Mungu awalinde nyinyi na watoto mtakaozaa, awape watu wa kuwacheka mnapokasirika, asiwape siku ya kuwa peke yenu mezani. Nimewasamehe yote, hata yale msiyoyajua. Niombeeni. Msigombane mlangoni, watu wakija.

Macho yamefunga utando, siwaoni vizuri. Kuna mkono umenishika huku kushoto, una joto, na sijui ni wa nani kati yenu.

Hapana. Msiniambie.