Kisigino cha Mtoto wa Nyumba Mbili

Mgeni rasmi, Daktari Mkuu, uliyekuja kutufungulia wodi hii ya wazazi. Wauguzi na majirani:

MAKARIBISHO
Karibu sana. Ukitushika mkono usiubane, maana hatutakuambia. Na ukiona mmoja wetu anavuja damu wakati risala inasomwa, tafadhali mnong'oneze, hana habari.

HISTORIA
Sisi ni familia mbili za mtaa mmoja, Nyumba ya Juu na Nyumba ya Chini, tusio na undugu wowote. Kote kuwili huzaliwa watu wasiosikia maumivu. Babu wa Juu aliwahi kuegemea jiko akipiga soga, akauliza nani anachoma nyama. Mwaka jana kijana wa Juu alimwoa binti wa Chini, wote wawili wa namna hiyo. Fundi cherehani anayekusomea hapa alishona gauni la bibi harusi pamoja na kidole chake mwenyewe, akashtuka kitambaa kilipobadilika rangi.

MAFANIKIO
Kila jioni tunajipanga mstari sebuleni na kukaguana, kuanzia ulimi hadi unyayo. Mwaka huu hatujazika mtu.

CHANGAMOTO
Watoto sita tumewazika huko nyuma. Wa mwisho alipasukiwa na kidole tumbo huku akiruka kamba na kucheka. Tangu hapo kicheko cha mtoto kinatutisha.

Mgeni rasmi, wewe mwenyewe ulituambia: "Nyinyi ni taa mbili zisizowaka. Moja ikikosa utambi na nyingine mafuta, mtoto atachukua kizuri cha kila upande, atawaka. Zote zikikosa utambi, basi." Yaani kasoro zetu zikiwa kwenye jeni mbili tofauti, mtoto atasikia maumivu. Zikiwa kwenye jeni ileile, atakuwa kama sisi. Mashine ya kusoma damu haipo hapa, kwa hiyo kipimo ni mtoto.

OMBI
Amezaliwa alfajiri ya leo. Analia, lakini kwa njaa. Hata sisi tulilia kwa njaa. Tunaomba, kabla hujakata utepe, umchome kisigino kwa sindano mbele yetu sote. Tulitaka kumchoma wenyewe, mama yake akakataa. Alisema, "Achome mtu anayejua inavyouma. Sisi tutazidisha."

Tunaona aibu kuomba mjukuu wetu aumie, na tunaomba kwa moyo wote. Akilia, tutakuwa na mtu mmoja wa kutuambia chai ina moto.

Mungu akutulize mkono, na wote ukumbini tunawaomba kimya.

Ni sisi, watu wa Nyumba ya Juu na Nyumba ya Chini.

Mtoto huyu hapa.