Nilimlilia Mdogo Wangu Mbele ya Kamera

Ndugu zangu wafiwa wenzangu, amani ya Mungu iwe nanyi. Tangu baridi ianze nimekuwa nakaa nyuma pale, nakunywa chai yenu na kuondoka kimya. Leo nimeomba nafasi. Jina la mtu sitataja.

Wengi mnanijua kama yule mama anayelia kwenye filamu. Uigizaji niliuanzia jukwaani Morogoro, kwenye kikundi chetu cha maigizo. Nilipohamia huku Toronto, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikawa nafungasha vyakula vya abiria wa ndege kule Malton, na sikukuu naigiza kanisani. Mwanamke mmoja ambaye kazi yake ni kuwatafutia waongozaji wa filamu waigizaji aliniona kwenye mchezo wa Pasaka, akaniita studio. Nikapewa sentensi mbili: mama anayeambiwa hospitalini kwamba mwanawe amefariki.

Siku ya kupiga picha machozi yakagoma. Mwongozaji akaniambia kwa upole, "Mfikirie mtu uliyempoteza."

Nikamfikiria mdogo wangu wa kike. Alikuwa amefariki kwa figo mwaka ule ule, nami nilikuwa huku, sikumzika. Nikajichorea kitanda chake, khanga aliyofunikwa, miguu yake. Nikalia mpaka mafundi wa taa wakasimama kunitazama. Halafu wakapiga makofi. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilifurahi. Sikuwa nimemlilia mdogo wangu hata mara moja, na mara ya kwanza kumlilia nikalipwa.

Kazi zikafuata. Mama wa mkimbizi, mama wa mfungwa, bibi kwenye mazishi. Wakitaka wa kulia, wananiita mimi. Na kila mara nilimwendea yeye, mdogo wangu. Lakini ukimwita marehemu mara nyingi, naye anachoka. Macho yakaanza kukauka. Basi nikaongeza chumvi. Nikamfanya aniite jina langu. Nikamfanya anyooshe mkono mlangoni akinitafuta. Miaka ikaenda, nikawa sijui tena lipi lilitokea na lipi nimelitunga.

Kisha mama yetu akafariki kule kwetu. Mlikuja nyumbani kwangu Mount Dennis, wengine mko hapa. Nililia, mkanishika. Binti yangu alikuwa amesimama na sinia la chai. Akaniuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, hiki ni kilio cha kweli au kile cha kazini?"

Hakuwa na ubaya. Aliuliza kwa sababu alikuwa hajui. Nikashtuka kuona nimegeuza uso dirishani, kwenye mwanga, kama nilivyofundishwa studio. Wengine mlielewa alichosema, wengine mkajifanya hamkuelewa. Asanteni kwa hilo.

Baada ya hapo nilikataa kazi zote. Simu kutoka kwetu sikupokea. Nilijiona mwizi wa kaburi, na hata sasa zipo siku najiona hivyo.

Aliyenileta hapa ni dada mmoja Mkenya, nesi, mwenzetu wa kikundi hiki cha wafiwa. Alinifuata nyumbani, akavua buti, akakaa jikoni. Akasema, "Dadangu, kulia si lazima. Hebu niambie tu, huyo mdogo wako alikuwa mtu wa aina gani?"

Nikaanza na kitanda na khanga, nikaishia hapo. Kifo chake nilikijua chote, tena cha uongo. Maisha yake yalikuwa yamenitoka.

Akanipa simu yangu. "Mpigie anayekumbuka."

Nikampigia kaka yetu mdogo. Nikamwuliza, "Siku ile ya mwisho, aliniita?"

Akajibu, "Hapana, dada. Hakukuita. Asubuhi alikataa uji, akasema uji hauna sukari, umepikwa na mtu mwenye kisirani. Tukacheka. Mchana akalala, hakuamka." Kisha akaniuliza, "Mbona miaka yote hujauliza?"

"Niliogopa," nikamwambia.

Nikacheka kwa ajili ya ule uji. Kicheko kikageuka kilio, kamasi mpaka kidevuni, kilio ambacho hakuna mwongozaji angekitaka. Binti yangu akaja akanikumbatia. Safari hii hakuuliza.

Sasa naigiza jirani mmbea, muuza duka, mkwe mkorofi. Wakitaka machozi nawaambia waniwekee matone ya dawa machoni. Baadhi wamekasirika, hawaniiti tena. Filamu zile bado zinaonyeshwa, siwezi kuzirudisha, na mdogo wangu hayupo nimwombe radhi.

Namshukuru dada yetu nesi. Namshukuru kaka yangu, ambaye sasa kila Jumamosi ananisimulia habari za marehemu, nyingine hata si za kumsifu, alikuwa na hasira huyo. Namshukuru binti yangu kwa swali lake. Nanyi nawashukuru kwa kunipokea.

Neno langu ni hili tu. Kama umefiwa ukiwa mbali, usijitungie kifo. Waulize waliokuwepo, wakiwa wangali hai. Huenda watakupa kitu kidogo, kama uji usio na sukari. Kipokee. Huyo ndiye ndugu yako.