Marehemu Esther Kathambi Ntongai, Msusi Aliyewangojesha Askari

Mtakayosikia leo hamtayaamini, na mkifika nyumbani mtasema aliyeiandika karatasi hii, mjomba wake Gikunda, alitafuna miraa kabla ya mazishi. Semeni tu. Mzee mmoja wa kanisa aliomba habari za nyani ziachwe nje ya karatasi hii. Hazikuachwa.

Marehemu Esther Kathambi alizaliwa Kangeta, Igembe, mwaka wa 1931, ule mwaka ambao nzige walikula hata paa za nyumba. Alikuwa binti wa kwanza wa dada yake Gikunda, na akili, kama ukoo mzima unavyojua, ilitoka upande wa mjomba.

Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, 1945. Siku moja alimuuliza mwalimu kwa nini mtoto mchanga ukimpa kidole anakishika kama anayeogopa kuanguka, na hali amelala kitandani. Mwalimu alimpa viboko vitatu. Swali halikutoka.

Mwaka wa 1957 aliteremka Isiolo, akaajiriwa kumpikia mzungu mmoja aliyepiga kambi kando ya mto Uaso Nyiro akiandika tabia za nyani. Mzungu alikuwa na darubini. Kathambi alikuwa na macho. Huko ndiko alikopata jibu lake. Mtoto wa nyani hushika manyoya ya mama, na asiyeshika huanguka akaliwa. "Walioachilia hawakupata wajukuu, Mjomba," alisema. "Sisi ni wajukuu wa walioshika." Aliona pia kwamba nyani waliopigana asubuhi huketi jioni wakichambuana manyoya, hata kama hakuna kupe. Mzungu alipoondoka mwaka wa 1962, Kathambi akaanza kusuka nywele mtaani Bulla Pesa, pale pale Isiolo. Alisema kazi ni ile ile, ila sasa analipwa na wanaochambuliwa.

Aliolewa Jumamosi, 12 Desemba 1959, na Zachary Ntongai, karani wa mifugo. Zachary alikuja kuchumbia akijisifu kwa baiskeli yake mpya. Kathambi akamwambia kwamba nyani jike hapendi dume lenye meno marefu, hupenda lile linalokaa na watoto. Zachary akazunguka soko la Isiolo siku nzima na mtoto wa jirani mgongoni. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye akapata mke.

Vita vya shifta, wale waasi wa porini, vilipokolea, watu wa "habari" na watu wa "salaam aleikum" waliacha kusalimiana. Kathambi hakuacha. Alisema waliongoja kumwona chui kwa macho yao waliliwa zamani, ndiyo maana sisi tuliobaki tunaamini uvumi haraka. Lakini ukishika kichwa cha mtu kila wiki, huwezi kuambiwa ni chui. Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa Habsa, Msomali, mke wa Abdinur, dereva wa lori. Ukatoka uvumi kwamba Habsa alipeleka gunia la mchele porini kwa shifta. Alhamisi, 20 Oktoba 1966, saa tatu asubuhi, askari wakaja kumchukua. Na waliochukuliwa siku zile, wengine hawajaonekana mpaka leo.

Kathambi alikuwa ndani akimsuka. Akasema bila kufungua mlango, "Mama huyu yuko kichwa wazi. Kwa dini yake, mwanamume asiye wake haoni. Ngojeni nimalize."

"Fanya haraka, mama!"

"Nywele ni nyingi, kijana. Keti kivulini."

Wakangoja. Kathambi alisuka mistari saba, akafumua mitano, akaanza tena. Habsa akamnong'oneza, "Dada, watakuchukua na wewe."

"Usitikise kichwa, utaniharibia mstari."

Saa kumi jioni Abdinur akafika na chifu. Chifu akaapa kwamba mchele ule uliliwa kwenye hitma ya babake Habsa, na kwamba yeye mwenyewe alijaziwa sahani mara tatu. Askari wakaondoka mikono mitupu.

Baada ya hapo wanawake wengine wa kanisa hawakumpa tena vichwa vyao, na yule mzee alimtaka atubu maneno ya nyani. Alimjibu, "Mungu aliniumba, Mzee. Hakuniambia alichukua muda gani. Wewe alikuambia?" Hakutubu. Na iandikwe hapa: hakutubu.

Mwezi wa Machi 1967 figo zilimwangusha. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi kusuka, akaanguka tena. Alifariki Jumanne, 8 Agosti 1967, saa kumi na moja alfajiri. Nywele anazozikwa nazo zimesukwa na Habsa. Anayeona vibaya asimame aseme sasa.

Ameacha mume wake Zachary. Binti zake Kinya na Karimi. Mama yake mzazi. Mjomba wake Gikunda, ambaye sura yake bado haijapungua. Na dada yake Habsa, ambaye jina lake halitafutwa kwenye orodha hii, hata kalamu zije kumi.

Karatasi hii, isipokuwa habari za kifo na maneno haya ya mwisho, alisomewa mwenyewe kitandani, kwa sababu alisema sifa za mazishi huwafikia wote isipokuwa mwenyewe. Gikunda alifika mstari wa kumalizia, akainua sauti: "Mikono yako sasa itulie, Kathambi, wewe uliyewazuia askari arobaini wenye bunduki, na malori mawili ya—"

"Wawili, Mjomba," alisema bila kufungua macho. "Andika wawili. Wawili wanatosha kumchukua mtu."