Diski ya Kariakoo na Sauti ya Mama

Asalaam aleykum kwa wenzangu, Bwana asifiwe kwa wenzangu wengine, na ninyi ambao hamjaitikia lolote, mambo vipi? Haya. Mwenyekiti wa kikundi chetu amesema nisimame niwaeleze kilichonipata kazini. Majina sitataja, maana wahusika wengine ni wa humuhumu Kariakoo na Ilala, na mimi kesho nataka pa kupita.

Kazi yangu mnaijua, narekodi video za kicheni pati. Akina mama wanamfunda bibi harusi, mimi nipo pembeni na kamera yangu, kimya. Na mnajua yanayosemwa mle ndani. Mwanaume akiyasikia, ndoa zenu nusu zinavunjika. Msicheke, nawaambia kweli.

Kwa hiyo nilikuwa na sheria yangu. Bibi harusi anapewa flashi moja, nakala moja inabaki kwangu nyumbani Magomeni, basi. Mtandaoni siweki. Memori kadi ya kamera naifuta kesho yake. Wateja walikuwa wananisifu, "Wewe dada ni kaburi," nami nachekelea. Nilidhani siri ikikaa mahali pamoja ndiyo imetunzwa.

Kompyuta ikajaa. Nikatoka kutafuta diski ya kuchomeka pembeni, hiyo mnayoiita eksteno. Dukani walinionyesha moja yenye waranti, nikaona bei yake, nikatoka. Hatua chache tu, kaka mmoja kazitandaza chini, nafasi yake mara nne ya ile ya dukani na bei chee. "Dada, hii orijino, imeshuka na kontena jana." Rahisi ghali, wahenga walishasema, lakini ukiwa Kariakoo nani anawakumbuka wahenga? Nikanunua.

Nyumbani nikahamishia kazi zangu zote. Nikaangalia majina ya mafaili, nikayaona yote yamejipanga, nikafuta kwenye kompyuta. Ndugu zangu, niliangalia majina tu. Sikufungua hata video moja.

Mwaka haujaisha, mchana mmoja akaja binti niliyemrekodi kwao Ilala.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, bibi harusi wangu. Mbona umepungua hivyo?"

Mama yake alikuwa amefariki. Ile flashi yake aliiacha kwenye televisheni, umeme ukakatika ukarudi kwa kishindo, vikafa vyote viwili. "Dada, sihitaji pati yote," akaniambia. "Nataka pale mama anapoongea tu. Alikuwa anatumia kitochi, kile kisimu cha vitufe, hakuwahi kunitumia hata ujumbe wa sauti. Sauti yake sina popote."

Nikachomeka diski. Jina lake likaonekana. Nikabonyeza, haifunguki. Nikajaribu ya bibi harusi mwingine, haifunguki. Nikamwambia kompyuta imekwama, arudi Ijumaa. Nilimdanganya mfiwa, jamani.

Nikaipeleka kwa fundi, yupo ghorofani kwenye jengo moja la maduka. Akalifungua kasha lake. Ndani kulikuwa na kikadi kidogo kilichobandikwa kwa gundi, na chuma kizito cha kukudanganya mkono. Akanieleza kwamba kimepangwa kiiambie kompyuta kina nafasi kubwa, lakini kikijaa kinaandika vipya juu ya vya zamani. Jina la faili linabaki, kilichomo hakipo.

"Hakuna cha kuokoa?"

"Hakuna, dada. Pole."

Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Watu wanapita na mizigo kichwani, wananipigia kelele, "Pisha, mama, pisha!" Nikawapisha huku nalia.

Ijumaa sikumsubiri aje. Nilimfuata mwenyewe Ilala, nikakaa kwenye kochi lao, nikasema yote: diski ya chini, kutofungua, na uongo wa kompyuta kukwama. Nilitegemea matusi. Hakutukana. Akaniuliza, "Lakini dada, wewe si ulikuwepo? Alisemaje?"

Nikaanza kumsimulia. Nikamwambia, mama yako alisimama hapa hapa karibu na dirisha, akasema, "Mwanangu, ukigombana na mumeo usije kwangu na sanduku. Ukija na sanduku nitakufungia mlango. Ukija na njaa, nitakupikia, ule, urudi kwako." Watu wakapiga vigelegele. Alikuwa amevaa lile gauni la sare, lenye mabega ya kupanda juu...

Mabega! Siku ile mshonaji wa zile sare alikuwa anaumwa, hakufika, na alitaka kuona kazi yake imekaaje mwilini. Nilimwomba mama ruhusa, akacheka, akasema mrushie aone. Nikachukua kipande kifupi kwa simu yangu, nikamtumia, changu nikakifuta. Mara moja tu katika miaka yangu yote ndiyo nilivunja ile sheria yangu.

Nikampigia mshonaji palepale. "Kile? Ninacho," anasema. "Si ndicho ninachowaonyesha wateja wakitaka mkono ule?"

Kikaingia. Video yenyewe ni bega, bega, bega, uso wa mama unaonekana mwishoni tu. Lakini sauti ipo, safi kabisa. Yule binti aliiweka simu sikioni, akageukia ukutani. Na kulikuwa na maneno ya mwisho ambayo mimi nilikuwa nimeyasahau. Hayo nitayasema nikimaliza.

Tangu siku hiyo nimebadilika. Diski nanunua dukani, kwa risiti na waranti, na kabla ya kuiamini naijaza mpaka pomoni, kisha nazifungua video za mwanzo na za mwisho nione kama zinacheza. Memori kadi siifuti mpaka kazi iwe imefunguka kwenye diski mbili. Moja inakaa kwangu Magomeni, ya pili kwa dada yangu Upanga, ili mwizi au moto ukipita kwangu usipite na kwake. Zote zimefungwa kwa neno la siri, hata dada yangu halijui. Bibi harusi akiridhia, naweka nakala ya tatu mtandaoni, nayo imefungwa. Wale ambao kazi zao zilipotea niliwafuata mmoja mmoja nikawaambia. Wengine hawaniitikii salamu mpaka leo, na wana haki.

Namshukuru fundi kwa kuniambia ukweli bila kunicheka. Namshukuru mshonaji, gauni langu la Idi nampelekea yeye. Ninyi wanakikundi mlinikopesha nikanunua diski za kweli, Mungu awalipe. Na yule binti, popote alipo, asante kwa kuniuliza badala ya kunifukuza.

Mkifika nyumbani, fungueni vile msivyoweza kuvipata tena. Msiangalie majina, fungueni. Halafu nakala moja mpelekeeni mtu mnayemwamini.

Maana yule mama, baada ya kusema nitakupikia, ule, urudi kwako, alimtazama binti yake, akasema, "Na siku ukija ukanikuta sipo, usilie mlangoni. Ufunguo nimeuacha kwa jirani."