Nafasi Moja ya Fizikia

Benchi la nje ya duka la donati la Chanthou, pale Tulare, mji wa wakulima, lina miguu mitatu na tofali, na bado linabebeshwa akili nyingi kuliko uwezo wake. Kila asubuhi, kabla jua la Agosti halijaanza kuwaadhibu watu, wenyewe wanakuwa wameshakaa. Kuna Wendell, dereva wa malori mstaafu, anayeitwa Profesa kwa sababu alisikiliza redio barabarani miaka thelathini na sasa anawarudishia wenzake yote. Kuna Ofelia, nesi mstaafu kutoka Ufilipino, ambaye jina lake pale ni Sista. Chanthou mwenyewe hutoka na jagi la kahawa, akamimina, akatia neno lake, akarudi dukani. Na siku hiyo katikati yao alikaa Delfino Arce, fundi wa pampu za mashamba ya lozi, umri wake miaka thelathini na tisa, macho kwenye simu.

Delfino alikuwa na jambo. Alikuwa ameanza uhandisi katika chuo cha jamii, pale pale mjini, ambako mtu husoma miaka miwili ya mwanzo kisha akahamia chuo kikuu kumalizia. Hesabu alishazivuka, kwa jasho. Sasa fizikia zilikuwa mbili. Nyepesi ilikuwa ya jioni, na hiyo alikwishajiandikisha. Nzito ilikuwa na maabara kila Alhamisi saa saba mchana, saa ambayo bosi wake humtaka shambani. Nzito ilikuwa imejaa tangu Juni, lakini asubuhi hiyo nafasi moja ilikuwa imefunguka, na mwisho wa kubadilisha ulikuwa saa sita mchana. Akikosea, mwaka mzima unamwagika, na Delfino hakuwa na miaka ya kumwaga.

— Baki na nyepesi, alisema Profesa. Wahenga hawakukosea: chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Hilo ni onyo, Profesa, siyo ushauri, Sista akamkata.

— Kwani asali si imeisha? Ndo kumaliza kwenyewe huko! Jamaa anachovya fizikia kidogo kidogo, mwishowe kaimaliza yote.

— Mwanangu, usimsikilize huyu. Mimi nasema usichukue hata moja. Anza na kuogelea.

Delfino akainua macho kwenye simu.

— Kuogelea tena, Sista?

— Eeh! Mpwa wa jirani yangu alimaliza masomo yote, akanyimwa cheti kwa kukosa somo moja la mazoezi ya viungo. Moja tu! Leo anauza magodoro.

— Anauza magodoro kwa kuwa anapenda kulala, alisema Profesa. Hilo halina uhusiano na chuo.

Chanthou akatoka na jagi. Alikuwa amesikia yote dirishani, kama kawaida yake.

— Mimi hao wa fizikia nzito nawajua kwa donati. Agosti wanakuja kuchukua maboksi mawili ya pinki, dazeni mbili kamili. Ikifika Desemba wanachukua donati sita. Na moja inabaki.

— Wengine wanaenda wapi? aliuliza Delfino.

— Kaka, mimi nakaanga donati, siandiki rambirambi. Ila wewe usiogope. Mpanda ngazi hushuka.

— Hapo unamtia moyo au unamwombea mabaya? Sista akahoji.

— Wanachukuliwa, alisema Profesa, akashusha sauti ingawa barabara ilikuwa tupu. Watu wa anga za juu. Wakiona mtu ana kichwa, wanamfuata hadi maktaba, wanamvisha koti jeupe, kwaheri. Niliwahi kubeba shehena ya makoti meupe mia tisa kwenda jangwani. Hakuna hospitali, hakuna bucha. Nikajiuliza, yanavaliwa na nani?

— Na vinyonga, alisema Sista.

— Cheka, Sista. Cheka tu.

Delfino alicheka pia, maana benchi lile ukilinunia linakuhama. Lakini wiki tatu sasa alikuwa akiliuliza benchi swali lile lile, na kila asubuhi aliondoka na majibu mapya na hofu ile ile. Na jingine lilimtia aibu: moyoni alikuwa ameshaanza kuipenda fizikia nyepesi kwa sababu tu isingemlazimu kumwambia bosi kitu.

Pale dirishani alikuwapo dada mmoja mgeni, buti zimejaa vumbi, kizibao cha barabarani cha rangi ya machungwa, akingoja boksi lake. Alikuwa amesikiliza tangu kwenye kuogelea.

— Samahani, kaka, alisema. Unahamia chuo gani?

Sista akamtazama Profesa. Chanthou akajifanya anaangalia kama kahawa imebaki. Wiki tatu, vikombe vingapi sijui, na hakuna aliyewahi kuuliza hilo.

— Nauliza kwa sababu kila chuo kina orodha yake ya masomo kinayoyapokea, dada akaongeza. Iko wazi kwenye simu hapo. Na mshauri wa chuoni kwenu anayo.

Akachukua boksi lake, akapanda gari lake, akaenda kazini.

— Delfino, alisema Sista taratibu. Chuo gani, mwanangu?

Jina lilikuwapo. Alikuwa nalo miaka kumi na moja, hajamtamkia hata mke wake, maana aliogopa. Jina likishatamkwa watu watalikumbuka, na ukishindwa watalikumbuka zaidi.

— San Luis Obispo, alisema. Kile chuo kikuu cha upande wa pwani. Nilienda kule kufunga pampu. Nikawaona wanafunzi wanabeba mtumbwi walioutengeneza kwa zege.

— Zege? Profesa akaruka. Si unazama huo!

— Haukuzama, mzee. Waliupiga kasia mbele ya macho yangu. Nikasema moyoni, hawa ndio watu wangu.

Delfino akaitafuta orodha, akaipata. Fizikia nzito ilikuwa mstari wa tatu. Nyepesi hakuiona, akapitia tena juu mpaka chini, hakuiona. Akabonyeza ile nafasi, kisha akampigia bosi.

— Bosi, kuanzia wiki ijayo, kila Alhamisi saa sita na nusu nitakuwa naondoka.

— Unaondoka kwenda wapi?

Profesa na Sista wakasogea karibu na simu mpaka benchi likalalamika.

— San Luis Obispo, alisema Delfino. Itanichukua miaka kadhaa kufika, lakini Alhamisi ndiyo naanza safari.