Mkazo wa Neno Subito

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kutufuta machozi, familia imenipa mimi, mdogo wake wa kumfuatia, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, nami nimeipokea kwa shingo upande, maana kuna mahali nitajisema mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha uchapaji alichofanyia kazi baba yetu, akasoma shule ya mtaani, kisha sekondari, kisha chuo cha ualimu wa lugha, akahitimu mwaka 1974. Kuanzia Januari 1975 alifundisha Kiitaliano kwa miaka thelathini na sita, chumba namba nne, ghorofa ya pili, akigawa vielezi kwa silabi na kugonga meza kwa rula, len-ta-men-te, fa-cil-men-te, hadi wanafunzi wakambandika jina la Mkazo. Kila mwaka alionya kwamba ndimi zetu zimezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tutaliharibu neno subito, ambalo likikazwa mwanzoni ni "mara moja", likikazwa katikati linasimulia mateso yaliyompata mtu.

Tarehe 9 Agosti 1980 alimuoa fundi cherehani ambaye leo ni mjane wake, wakajaliwa binti mmoja. Mwaka 1998 nilifanya mtihani wa ukalimani mbele yake, nikalikaza neno hilohilo subito katikati, akanifelisha kwa alama moja, mimi, ndugu wa tumbo moja, nami nikaisusa nyumba yake miaka kumi na minane.

Januari 2016 alipatwa na kiharusi, ulimi ukafungwa, ukabaki mkono wa kushoto tu. Jumanne, tarehe 14 Juni, muuguzi aliniletea karatasi yenye neno moja, subito, herufi zinatetemeka, bila alama ya mkazo. Nikalisoma kwa ulimi wetu, su-BI-to, nikadhani ananihesabia mateso yake, nikasema haya, mzee bado ana kinyongo, nitakwenda Jumamosi hasira zikishapoa. Alifariki Alhamisi, saa nne asubuhi, na shemeji ameniambia kwamba tangu Jumanne alikuwa akiutazama mlango.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliopokezana zamu kitandani pake, na walimu wenzake. Wewe muuguzi nakushukuru peke yako, karatasi uliifikisha siku ileile, aliyechelewa ni mimi.

Pumzika kwa amani, kaka, ile alama moja ya mtihani ulininyima kwa haki.